Wakikuuliza Kama Una Mama

Kaneza,

Metre Goreti, wakili wenu, amenipigia simu mchana huu, wewe ukiwa umeshuka Remera kuaga wenzako. Nilidhani anataka kunipa saa ya basi, au kunituliza kama anavyonituliza siku zote. Akanisalimia, akakohoa, akasema, "Mama Kaneza, kuna jambo kati yenu? Mtoto ameniambia likimtokea lolote huko anakokwenda, nipigiwe mimi. Nikamuuliza, na mama? Akasema mama hapana, mama ameniambia niseme sina mama."

Nilikuwa nimeshika mwiko, nikaendelea kukoroga sufuria iliyokwisha kuiva. Nikamwambia nitampigia baadaye.

Sasa nimeshusha sufuria, nimekaa kwenye kitanda chako karibu na begi lako, na nakuandikia. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyeishia darasa la sita kule Bwiza, Bujumbura. Ukikwama mahali, bahatisha. Naandika kwa sababu tangu Jumapili kila nikifungua mdomo mbele yako linatoka jambo jingine. Nakusudia kulifuta lile neno la Jumapili, najisikia nauliza chumvi iko wapi. Na wewe unanijibu kwa adabu kabisa, "Iko pale, mama," na adabu hiyo inaniumiza kuliko kama ungenifokea.

Mambo ya sweta na dawa ya malaria siyaandiki. Begi umelipanga kuliko ambavyo ningelipanga mimi. Nimelifungua mara mbili kuhakikisha, unisamehe kwa hilo.

Kesho kabla hakujapambazuka unapanda basi Nyabugogo, unavuka mpaka, unakwenda kukaa na watu waliofungwa na wakimbizi walioshikwa njiani, uwatafsirie, uwatafutie ndugu zao, umwambie wakili nani yuko wapi. Mji wenyewe nimekataa kuutaja jina tangu uliponiambia. Nasema "huko". Nisipoutaja, labda hautakuwepo. Ujinga, najua.

Nirudi Jumapili. Tulikuwa uani baada ya misa, wewe na mimi na jirani yetu Mama Shukuru akitwanga majani ya muhogo ya sombe yake, hadithi zake za Bukavu haziishi. Simu yako ikalia ukaisikiliza umesimama. Ulipomaliza ukatuambia Fabrice, kijana uliyekuwa unakwenda kufanya naye kazi, alitoka kwenda kuulizia watu wawili kwenye kituo kimoja, na hajarudi. Kila wanapouliza, hakuna anayekubali kwamba yuko naye.

"Umeona?" nikasema. "Mungu amekuonyesha mapema. Fungua hilo begi."

"Mama, ndiyo maana naenda. Nani atamtafuta?"

"Ana mama yake."

"Mama yake yuko mbali, na hajui pa kuanzia. Mimi najua pa kuanzia."

"Wewe unajua nini? Juzi tu nilikuwa nakukata kucha."

Mama Shukuru akacheka, akidhani tunataniana. Wewe hukucheka. Ukasema, "Kama Metre Goreti angekaa nyumbani kwa woga, Deziré angekuwa wapi leo?"

Hapo ulinigusa pabaya kuliko ulivyojua. Nikasema, "Basi nenda. Lakini ukivuka ule mpaka, watu wakikuuliza kama una mama, waambie huna."

Mchi wa Mama Shukuru ukasimama hewani. Ulinitazama, ukasema, "Sawa." Ukaingia ndani, na nikakusikia unaendelea kukunja nguo.

Mama Shukuru akaniambia kwa sauti ya chini, "Weye Mama Kaneza, neno gani hilo unatoa kinywani? Mtoto yuko njiani." Nikamwambia atwange sombe yake. Alitwanga, lakini hakunisemesha tena siku ile, na unamjua yule, kwake kunyamaza ni kazi ngumu.

Nataka ujue lile neno lilitoka wapi. Si kwa sababu linastahili kutetewa. Nataka tu usilibebe bila kujua limetengenezwa na nini.

Baba yako unamjua kwa picha moja, ile amevaa shati la mistari. Tulianza kukaa pamoja nikiwa na miaka kumi na saba, na wewe ukaja upesi, ndiyo maana motari wa pikipiki za abiria pale Sonatubes wakituona pamoja wanauliza nani mkubwa. Ndoa ya serikali tulikuwa hatujafunga. Tulikuwa tunasubiri tupate ya kuwalisha watu, kwa sababu baba yako alitaka wageni wale washibe mpaka wajute. Kila mwaka tulisema mwaka ujao. Mwaka ule mambo yalipochafuka Bujumbura, askari walipita mtaani kwetu asubuhi wakachukua wanaume, naye akiwemo, ametoka tu kununua sabuni.

Nilipoambiwa alikopelekwa, nilipika. Unakumbuka sisi mtu akishikwa hatuanzi kwa kulia, tunaanza kwa kupika. Wali, maharage, na dagaa, zile ndagala alizokuwa anazipenda. Nikafunga sufuria kwa kitambaa nikaenda mpaka kwenye geti. Askari aliyekuwa pale alikuwa kijana, hana ukali wowote. Akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Ni mume wangu. Nina mtoto wake."

"Cheti cha ndoa?"

"Hatujaenda ofisi ya komine bado."

Akatikisa kichwa, kama anayenihurumia. "Basi kwetu wewe si mtu wake, dada. Walete ndugu zake."

Nilirudi na sufuria imejaa. Jioni ile ulikula chakula cha baba yako ukaniambia, "Mama, leo kitamu." Nilikwenda kumfuata bibi yako kijijini, mwenye karatasi zote, mwenye haki ya kuulizia mwanawe. Tulipofika naye getini, wakatuambia mtu wa jina hilo hayupo tena pale. Alikwenda wapi hatukuambiwa, na mpaka leo hatujaambiwa. Ndipo nikakufunga mgongoni, mtoto mkubwa hivyo miguu inaburuta, tukaja Kigali.

Katika hayo yote nilijifunza kitu kimoja, nikakishika kama dini. Kwenye geti, jifanye ndugu. Ukweli ulinirudisha na sufuria yangu. Nikajiambia sitaupeleka tena kwenye geti lolote. Nilijifunza vibaya, lakini nitajuaje, hakuna aliyekuwa ananisahihisha.

Ndipo akaja Deziré. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Yeye ni mkimbizi kutoka upande wa Uvira, Kiswahili chake kama chetu, alikuwa msaidizi wa mafundi kwenye lile jengo lililokuwa linapanda karibu na meza yangu ya chapati pale Sonatubes. Asubuhi kabla ya kazi alikuja kunipulizia moto, kwa sababu alisema mimi napulizia kama ninayezima mshumaa. Halafu nondo zikapotea kwenye jengo, wakachukuliwa wawili waliokuwa wanalala pale. Mmoja alikuwa na mjomba, mjomba akaja na watu wa kumdhamini, akatoka. Deziré hakuwa na mtu.

Motari ndio walioniambia. "Mama Kaneza, mteja wako wameshamweka ndani." Ijumaa, siku ya kuwaona waliofungwa, nikapika.

Askari wa hapa naye alikuwa na adabu. Aliniuliza kwa Kiswahili cha hapa, "Wewe iko nani wake?" Sikumwacha amalize.

"Dada yake."

"Baba mmoja, mama mmoja?"

"Mmoja, mmoja."

Akaandika. "Karibu dada, kaa pale kwenye benchi, tunamwita."

Kaneza, nilijiona mjanja. Nilikaa kwenye lile benchi natabasamu peke yangu, nikisema moyoni kwamba safari hii nimelishinda geti. Habari za mahakamani unazijua, Metre Goreti anapenda kuzisimulia kwa vijana wanaoanza kazi, na nadhani ndizo zilizokupeleka kwake. Lakini kilichotokea baada ya lile benchi hakuna anayekijua ila mimi na Deziré, na sikuwahi kukusimulia.

Alikuja anakimbia. Mkono mmoja umeshika suruali isianguke, maana mkanda walikuwa wameuchukua. Akasimama mbele yangu, akanitazama, halafu akatazama nyuma yangu. Akanitazama tena, akainama kidogo kutazama kwenye mlango wa nje.

"Yuko wapi?" akasema.

"Nani?"

"Zawadi. Wameniambia dada yangu amekuja."

Sikujua kwamba alikuwa na dada. Walikuwa wawili tu kwao, walipotezana njiani siku ya kukimbia, na tangu hapo kila kambi aliyopita, kila foleni aliyosimama, aliulizia msichana anayeitwa Zawadi mwenye kovu kidevuni. Na mimi nilikuwa nimekaa pale na sahani ya maharage.

Nikamwambia, "Ni mimi, Deziré. Nilisema mimi ni dada yako ili waniruhusu."

Uso wake sitauandika, sina maneno yake. Akaitikia kwa kichwa polepole. "Umefanya vizuri, Mama Kaneza," akasema. "Asante." Akapokea sahani, akaishika juu ya magoti mpaka muda ukaisha. Hakuigusa mbele yangu. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaandikwa dada, niliendelea kwenda kila Ijumaa kama dada, na kila Ijumaa alikuja anatembea, hakukimbia tena.

Huko unakokwenda utasimama mbele ya watu wanaosubiri, Kaneza. Kila mmoja ana mtu mmoja anayemsubiri kuliko wengine, na anayeingia mlangoni kwanza analinganishwa na huyo. Siku hizi hata nikimpelekea mtu salamu tu, namuuliza kwanza, "Wewe unamtarajia nani?" Nikishajua, ndipo nasema mimi ni nani na nimeleta nini. Ni jambo dogo, linachukua muda mfupi, na kama ningelijua, yule kijana asingekimbia.

Ya mahakamani nayaandika kwa ufupi, kwa sababu Metre Goreti ananisimulia kama shujaa na mimi najua sikuwa. Yeye aliomba Deziré aachiwe akisubiri kesi, akaeleza kwamba ni mkimbizi, hana ndugu nchini. Mwendesha mashtaka akasimama akasema ana dada, kila Ijumaa dada huyo analeta chakula, imeandikwa getini, kwa hiyo mtu huyu anadanganya mahakama na labda alidanganya hata kwenye ukimbizi wake. Wakamuuliza Deziré, "Una dada, au huna?" Deziré akanyamaza. Akisema hana, mimi ndiye niliyedanganya askari. Akisema anaye, anadanganya mahakama, na anamfanya Zawadi kuwa mimi. Alinyamaza mpaka wakamrudisha ndani.

Metre Goreti akaja kwenye meza yangu na viatu vyake vya ofisini, akaagiza chai ambayo hakuinywa. Alikulia Uganda, Kiswahili chake kinakwenda moja kwa moja bila salamu ndefu.

"Ni wewe dada yake?"

"Dada wa nani?"

"Mama Kaneza, mimi siulizi kama polisi. Nahitaji uje useme."

"Nina mtoto," nikasema. "Wakiniweka ndani atalala kwa nani?"

"Sijui kama watakuweka ndani. Sitakudanganya. Sidhani, lakini sijui."

Basi sikwenda. Kesi ikaitwa, sikwenda. Ikaitwa tena, nikaamka na maumivu ya tumbo ambayo niliyaumba mwenyewe. Na kupeleka chakula nikaacha, kwa sababu nitaingia kwa jina gani? Wewe ukaniuliza Ijumaa moja, "Leo hatupiki?" Nikakwambia Deziré amehamishwa. Nilikudanganya. Mvua zikaanza, na nikilala nasikia bati linavyopigwa, nawaza pale alipo bati lake linavujaje.

Siku moja akasimama mwanaume mezani kwangu, ndevu zimemjaa, ametoka gerezani asubuhi ile ile.

"Wewe ndiye Mama Kaneza? Wa chapati?"

"Ndiye."

"Deziré anakusalimu. Anasema usije tena, usijisumbue. Na usiogope, yeye hatasema kitu."

"Anakula?"

"Anakula ya pale pale kama sisi wote." Akaitazama chapati. Nikampa mbili, ya kwanza akaimaliza kabla sijamtolea kiti. "Anasema pia maharage yako ya mwisho yalizidi chumvi."

Nilicheka. Nikashindwa kuacha kucheka, mpaka motari mmoja akauliza kama nimepatwa na nini, na hapo hakikuwa tena kicheko. Yule kijana yuko ndani kwa sababu ya ulimi wangu, na anayemtuliza mwenzake ni yeye.

Nikavaa kitenge cha Pasaka, nikakuacha kwa Mama Shukuru, nikamwambia nisiporudi jioni akupe uji asubuhi. Nilisema hivyo tu, yeye hakuuliza. Mahakamani hakimu alikuwa mwanamke. Akaniuliza mimi ni nani wa mshtakiwa.

"Si mtu wangu, mheshimiwa. Namuuzia chapati."

Watu wakacheka. Hakimu akasubiri wamalize.

"Na getini kwa nini ulisema ni dada yake?"

"Kwa sababu zamani, kwa baba wa mtoto wangu, nilisema ukweli getini nikarudi na sufuria imejaa. Sikumwona tena."

Hapo hakucheka mtu. Mwendesha mashtaka akauliza watajuaje kama sasa ndiyo nasema kweli. Nikamwambia sijui watajuaje. Muulizeni yeye dada yake ni nani. Wakamuuliza, na Deziré, ambaye alikuwa amenyamaza kesi nzima, akafungua mdomo akasema habari za Zawadi, kovu, barabara, kambi zote, mpaka karani akamwomba apunguze mwendo. Mimi nilisimama pale natazama sakafu. Hakimu alinionya kwamba nikirudia nitashtakiwa mimi, akaniambia nikae. Siku chache baadaye Deziré akaachiwa awe anaripoti, na kesi yenyewe ikafa kwa kukosa ushahidi.

Sasa unamwona anajenga huku kwetu Kagugu, anapita kunisalimia, anakula, anatania. Muuza mkaa anamwita dada, mfua nguo dada, hata wewe siku hizi anakuita dada mdogo. Mimi ananiita Mama Kaneza. Hajawahi kukosea. Nami sijawahi kumwomba aniite vingine.

Kwa hiyo uliposema Jumapili, Deziré angekuwa wapi, mimi niliisikia mvua yote ile. Nilisikia kwamba unajua nilivyo. Halafu nikamwona baba yako anakwenda kununua sabuni. Nikamwona Fabrice. Nikakuona wewe, na mimi niko kwenye geti lisilo na jina na mtu ananiambia hayupo tena hapa. Woga ukija namna hiyo hauji kama woga, unakuja kama hasira, na hasira ilichukua kitu kilichokuwa karibu.

Tazama ilichochukua. Kwa Deziré nilijitia undugu ambao sikuwa nao. Kwako nikajivua umama ambao ninao tangu nikiwa mtoto mwenyewe. Ninakuogopea usije ukashikwa nami nikakosa pa kuulizia, na kwa kinywa changu nimekwenda kukufanya usiwe na wa kukuulizia. Metre Goreti alipomaliza kusema mchana huu, nililiona jambo hilo wazi kama sahani mezani.

Nimempigia tena sasa hivi. Nikamwambia, "Metre, andika namba yangu. Mtu wa kupigiwa ni mimi."

Akasema, "Mama Kaneza, siwezi. Ni mtu mzima, na mwenye kumtaja ni yeye mwenyewe. Akiniambia nibadilishe, nabadilisha hata saa sita za usiku."

Nikamwambia, "Na kama hakubali?"

"Basi nitapigiwa mimi," akasema, "na mimi nitakupigia wewe. Lakini kwenye mlango wowote huko, atakayesikilizwa ni mimi."

Sikuambii usiogope, Kaneza. Mimi naogopa hata ninapoandika. Naogopa na bado nasema nenda. Kama mtu mmoja tu huko amekaa anatazama mlango, na wewe ndiye unayejua pa kuanzia, sina haki ya kukuweka hapa unisaidie kusukuma chapati. Fabrice mtafuteni. Ukiulizwa wewe ni nani wake, sema jina lako na kazi yako, usiongeze hata tone. Wakikurudisha, rudi kesho na mtu mwenye kuweza kuingia, kama Metre Goreti anavyowafundisha. Mimi sikujua kwamba kuna watu wa namna hiyo duniani, watu ambao mtu asiye na ndugu anaweza kuwa nao bila uongo. Kama wangekuwepo kwenye geti lile la Bujumbura, sijui. Lakini nakutazama wewe unapanga yale makaratasi yako, na nasema, angalau kwa mwingine watakuwepo. Hilo linanipa moyo, amini, hata kama Jumapili halikuonekana.

Nimemwita Mama Shukuru. Neno lile nililitoa mbele yake, na sitaki liondolewe pembeni kwa karatasi, kama kwamba naona aibu. Yuko hapa tayari, amekaa kwenye kiti cha mlangoni, anakula karanga zangu.

"Bado unaandika?" ananiuliza. "Unaandika Biblia nzima?"

Nimemwambia nakuandikia wewe.

"Si anarudi sasa hivi? Mtu anamwandikia barua mtu anayelala naye nyumba moja?"

Nimemwambia barua hii utaisoma kwenye basi. La mdomo litasemwa kwa mdomo, na kazi yake yeye ni kukaa hapo na kusikia. Amesema hiyo kazi anaiweza, na kwamba amekuja na kitambaa cha machozi chake mwenyewe kwa sababu changu anakijua, kinanuka vitunguu.

Pikipiki imesimama huko chini kwenye njia. Mama Shukuru amenyoosha shingo. Anasema ni wewe, unavua kofia ya motari, una mfuko mkononi, unapanda polepole kama mtu asiyetaka kufika.

Nitalisema kabla hujavua viatu. Una mama, Kaneza, nenda. Halafu nitakupa simu, namba ya Metre Goreti itakuwa imeshapigwa, umwambie mwenyewe mtu wa kupigiwa ni nani. Sitakutia neno kinywani, sitakukonyeza. Nitasimama hapo hapo nisikie utakayemtaja.